Mtoto wa kituo akiungua, tusifiche



Tulitembelea kituo kimoja cha yatima hapa Uganda, tukakuta mtoto ameungua mkono kwa uji, amepakwa dawa ya meno. Mlezi wake aliogopa lawama, akanyamaza siku mbili.

Sisi tunasema woga huo huumiza kuliko uji. Aliyeungua amwagiwe maji ya bomba dakika 20, si barafu wala mafuta. Jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi, apelekwe hospitali. Tukio liandikwe daftarini, na jamaa zake waambiwe siku hiyo hiyo.

Nasi tunaochangia tusitangulize lawama, tutangulize nauli ya hospitali. Mlezi asiyetuogopa hatatuficha. Yatima ni amana yetu sote.