Kujuana kwa Namna Nyingine

Vijana hulalamika ya kuwa hakuna kazi bila kujuana, na hawasemi uongo. Mpwa wangu, mhasibu, alitaka kazi ya kufanyia nyumbani kwa intaneti. Akawa ananisumbua mimi mjomba wake, nami sina hata duka!

Mwaka wa 2022 jarida la Science lilitoa uchunguzi uliohusu watu milioni 20 wa mtandao wa LinkedIn. Waliomfaa zaidi mtafuta kazi si marafiki wa karibu, bali wale anaofahamiana nao kidogo. Mtaalamu Mark Granovetter alidai hivyo tangu 1973.

Basi nikamwambia awaandikie aliosoma nao zamani. Mmoja alitaka ada ya kumwajiri, tukampuuza. Mwingine, hawajaonana tangu 2015, amemjibu kutoka Leeds.