Masaa Tisa ya Kudai Pesa Yangu Mwenyewe



Kuna swali huwa nalipata sana kwa jumbe zenu: "Wewe hufanya nini wiki nzima? Maana hatukuoni ukienda kazi." Hata mamangu huuliza, ila yeye huuliza kwa upole: "Bado uko na ile kazi yako ya kompyuta?"

Basi kwa wiki mbili nimekuwa nikiandika kwa daftari kila saa yangu inaenda wapi. Jibu ni hili. Kwa wiki moja, masaa 16 ni ya kuandika makala za wateja. Masaa 12 ni ya podikasti: kutafuta mgeni, kurekodi na kuhariri. Masaa 9 ni ya kudai pesa za kazi nilizomaliza zamani.

Masaa 9! Hiyo ni siku nzima ya mtu wa ofisi, na hakuna anayenilipa hata shilingi kwa hiyo siku. Na hapo ndipo maoni yangu ya leo yako: shida kubwa ya sisi tunaojiandikia na kujirekodia si ukosefu wa kazi. Ni kwamba tumekubali kuwa benki ya watu ambao wana pesa kutuliko.

Wacha niwapitishe kwa wiki yenyewe.

Jumatatu ni ya ankara. Natuma mpya, nakumbusha zile zilizopitwa na muda, napigia watu wa uhasibu simu. Lugha ya huko mmeizoea: "Iko kwa mchakato." "Mwenye kuweka sahihi ako likizo." "Sisi hulipa tarehe 30, na hii yako ilifika tarehe 2."

Jumanne na Jumatano naandika. Naanza saa kumi na moja asubuhi, kabla makanga hawajaanza kuitana pale steji. Kufikia saa nne, kazi nzuri ya siku imeisha. Zinazobaki ni za kusahihisha.

Alhamisi narekodi. Studio yangu ni kabati la nguo, blanketi mbili na maikrofoni moja. Fundi wa vyuma wa hapo chini akienda chai, nina kama dakika 50 za utulivu. Kipindi cha dakika 40 hunikula masaa sita ya kuhariri, kwa sababu kila jogoo wa mtaa anataka kuwa mgeni. Stima ikipotea, kila kitu kinahamia Ijumaa.

Wikendi nafua, nalala, na kusema ukweli, bado naangalia simu nione kama kuna ujumbe wa M-Pesa umeingia.

Sasa, kuna kampuni moja, sitaitaja, iko na deni langu la shilingi 45,000 kwa miezi minne sasa. Kazi waliipokea, wakaisifu, wakaichapisha. Hakuna ubishi kwamba nilifanya. Ni kungoja tu. Lakini landilodi wangu hajui kitu inaitwa mchakato. Yeye anajua tarehe 5.

Kitu nimeona ni hiki: wateja wadogo ndio hulipa haraka. Dada mwenye saluni akinipa kazi ya kuandika matangazo yake, analipa jioni hiyo hiyo kabla sijafunga laptopu. Ni mwenye jengo la ghorofa kumi ndiye hana pesa "kwa sasa". Yule mdogo anajua njaa ya mwenzake. Yule mkubwa anajua huna mahali pa kumpeleka.

Ila mahali pako. Na hii ndiyo sehemu nataka usome polepole.

Ni kweli, Sheria ya Ajira ya 2007 haitusaidii sana, kwa sababu sisi si waajiriwa. Lakini Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya 2016, na mahakama zenyewe zilianza kufanya kazi 2021. Inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya kazi uliyofanya na hukulipwa. Si lazima uwe na wakili, unaweza kujisimamia. Na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Siku 60 ni chache kuliko zile nimengoja hii ankara moja.

Jambo la pili ni hakimiliki. Wengi wetu tunadhani ukiandika kitu ni chako mpaka ulipwe. Sheria yetu ya Hakimiliki inasema tofauti: kazi ikiagizwa na mtu, hakimiliki inachukuliwa kuwa imehamia kwake, isipokuwa kama mlikubaliana vingine. Yaani usipoweka neno kwa mkataba, mtu anaweza kuwa mwenye makala yako na bado hajakupa hata senti. Suala ni sentensi moja tu: "Hakimiliki itahamia kwa mteja baada ya malipo kukamilika." Iweke kwa kila mkataba.

Jambo la tatu ni kodi. Mteja akikata ile asilimia 5 ya kodi ya zuio, hakikisha cheti chake kinaonekana kwa akaunti yako ya iTax. Kama hakionekani, umekatwa pesa ambayo KRA haijui ilienda wapi.

Najua kuna mtu ashaanza kuandika: "Rahisi kusema. Soko ni gumu. Ukijifanya unajua sheria, mteja anaenda kwa mwingine." Na hajakosea. Huyu mwenye deni langu ndiye mteja wangu mkubwa. Nikimpeleka mahakamani, hiyo kazi imeisha, na pengine atawaambia wenzake kwamba mimi ni mtu wa shida. Nimeipigia hesabu hiyo. Lakini mteja asiyelipa si mteja. Kazi yake inanichukulia masaa ambayo ningeandikia yule wa saluni.

Na mwingine akiikubali hiyo kazi kwa masharti yale yale, naye atangoja miezi minne. Ndiyo maana hili jambo halimalizwi na mtu mmoja mwenye kichwa ngumu. Tukiwa kumi tunaoitisha malipo ya kwanza kabla ya kuanza, inakuwa kawaida. Fundi wa kabati huitisha pesa ya mbao kabla ajaanza, na hakuna anayemwita mtu wa shida.

Kwa hivyo mipango yangu ndiyo hii.

Kesho natuma barua ya madai, na natoa siku 14. Zikiisha bila pesa, nafungua kesi. Nitawaambia ilivyoenda, hata nikishindwa.

Kuanzia mwezi ujao, mteja mpya ananilipa nusu kabla sijaandika neno la kwanza. Mwenye biashara ndogo tutaelewana, kwa sababu naye najua anavyosukuma.

Msimu ujao wa podikasti utakuwa na vipindi 8, vyote kuhusu pesa za watu wanaofanya kazi bila kuajiriwa: mpiga picha wa harusi, mtayarishaji wa muziki, mtafsiri, msusi wa nywele. Kila mmoja nitamuuliza maswali matatu tu. Unaitisha pesa lini? Unaandika nini kwa mkataba? Na asipokulipa, unafanya nini?

Pia nalipia SHA. Mwajiriwa hukatwa kila mwezi bila kufikiria, lakini sisi tunatakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Hiyo nitaitoa kwa zile 45,000. Zikikuja.

Wewe unadai nani, na ni tangu lini? Usitaje jina. Andika tu ni pesa ngapi na ni miezi mingapi. Nataka tuone ni mkopo wa kiasi gani tumewapa hawa watu bila riba.