Kuosha Motokari kwa Franga ya Mwanafunzi



Mwezi huu tuko na swali ambalo vijana wanauliza sana wakati wa kiangazi. Kati ya mwezi wa tano na mwezi wa tisa mvua hatuioni hapa Kolwezi. Makamyo ya migodi yanapita mchana na usiku kwenye barabara ya Likasi na Lubumbashi, na vumbi linaingia mpaka ndani ya sahani. Mwenye motokari analalamika: "Ninasukula asubuhi, mangaribi iko sawa vile sikusukula!" Sasa mwanafunzi wa univerisite, ambaye papa yake amemwachia motokari ya okazyo, afanye nini? Wale wanaoosha kwa mashine kando ya barabara wanaomba franga, na franga yake ni ya fotokopi, ya mkate na ya minerivali.

Ndugu kijana, inawezekana kuosha vizuri kwa bei kidogo sana. Lakini mbele ya kuhesabu franga, jiulize swali moja: kama mimi silipi, ni nani anayelipa? Mara nyingi kitu tunachoita cha bure, mwingine amekilipa kwa mgongo wake.

Vitu vya kutayarisha

Tafuta ndoo mbili, kopo moja, sabuni kidogo ya maji ya kuoshea sahani, eponji laini, na mashati mawili ya zamani ya pamba. Kata vifungo visikwaruze rangi. Shati la nailoni haifai, maana hainywi maji. Sabuni ya unga ya nguo ni kali: inaondoa mng'ao, na ikikaukia juu ya bodi inaacha alama. Usipanguse kwa mazuti ao petroli. Mazuti inang'aa siku moja tu, kesho vumbi lote linashikamana nayo. Petroli inaharibu rangi na mipira, tena inashika moto upesi.

Kwa motokari ndogo, bido mbili za lita 20 zinatosha. Kama imechafuka sana, tatu.

Kazi yenyewe

1. Weka motokari kivulini, asubuhi. Bodi yenye moto inakausha sabuni mbele hujaisuuza.

2. Mwaga maji kwa kopo mbele ya kugusa kitu. Vumbi letu lina mchanga na chembe za mawe. Ukipangusa kavu, unasugua rangi sawa vile kwa msasa.

3. Anzia juu, malizia chini: paa, vioo, milango, na mwisho magurudumu. Ndoo moja ni ya sabuni, ya pili ni ya kusafisha eponji kila mara. Kitambaa cha magurudumu kiwe cha pekee.

4. Osha upande mmoja, suuza, halafu nenda upande mwingine. Usiache sabuni ikungoje.

5. Kausha mara moja. Hapa ndipo wengi wanachoka na kuliachia jua kazi. Maji ya kisima mara nyingi yana chumvi za mawe. Jua likiyakausha, yanaacha madoa meupe. Shati la kwanza linyonye maji mengi, ulikamue. La pili, kavu, limalize. Fungua milango, panguse kingo zake, inua tapi. Maji yanayolala pale ndiyo yanayoleta kutu. Halafu tembea polepole kidogo, ukanyage freni mara mbili tatu, ili zikauke.

Vioo vinang'aa vizuri kwa gazeti la zamani (lakini si hili, tafadhali!). Na si lazima kuosha motokari yote kila siku. Mara moja kwa juma inatosha. Vioo na taa, hivyo uviangalie kila asubuhi, kwa sababu mwenye kuendesha ndani ya vumbi bila kuona vizuri anaweza kuua mtu.

Sasa turudi kwa swali letu

Kwanza, maji. Katika nyumba nyingi robine haiko, ao iko lakini haitoi. Bido ile imetoka kisimani juu ya kichwa cha mama ao cha dada yako mdogo. Kisha kijana anasimama na eponji na kuita: "Wee, leta bido ingine!" Someni 2 Samweli 23. Daudi alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu, na watu watatu wakapita katikati ya adui kuyateka. Walipoyaleta, Daudi alikataa kuyanywa. Aliyamwaga mbele ya Mungu, kwa sababu aliona ndani yake hatari ya maisha ya wale watu. Yeye alikuwa mfalme, lakini alijua bei ya maji. Basi, kijana, kama unataka bido mbili, chukua bido, uende kisimani wewe mwenyewe. Ukizibeba mwenyewe, hutamwaga hata kopo moja bure.

Pili, vumbi. Hili si udongo tu. Wengi wanakumbuka mtaa wa Kasulo, hapa Kolwezi, ambapo kuanzia mwaka wa 2014 watu walichimba kobalti hata ndani ya lupango zao. Mwaka wa 2018 watafiti wa Univerisite ya Lubumbashi na wa Leuven, kule Ubelgiji, walitangaza uchunguzi wao juu ya mtaa huo. Walikuta kobalti na uraniumu katika mkojo wa wakaaji kuliko katika mtaa wa karibu usiokuwa na uchimbaji. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Watoto wanacheza chini, wanaweka mikono kinywani, na vumbi linaingia pamoja nayo.

Kwa hiyo motokari ikitoka upande wa migodi, usimwite mdogo wako akukung'utie tapi mlangoni pa nyumba. Zilowanishe kwanza, ndipo uzisugue. Ndani ya motokari panguse kwa kitambaa chenye maji, usifagie kavu. Watoto wakae mbali. Maji machafu yasielekee kisimani, wala kwenye bustani ya lengalenga, wala mahali watoto wanapocheza. Vitambaa vile visirudi jikoni, na wewe unawe mikono kwa sabuni mbele ya kushika chakula.

Tatu, mto. Wengine wanaona njia rahisi: kuingiza motokari mtoni. Hakuna bido, hakuna franga. Lakini mafuta ya injini na sabuni vinashuka na maji, na huko chini kuna mama anayesukula nguo za mtoto wake, na mwingine anayemwagilia mboga. Mito yetu imekwisha kubeba uchafu mwingi wa migodi. Tunalalamika juu ya kampani kubwa, na tuna haki ya kulalamika. Lakini mdomo unaolalamika uwe na mikono safi.

Vijana wa kanisa wanaweza pia kuungana watatu wanne siku ya Jumamosi, kila mmoja na ndoo yake, waoshe motokari na pikipiki za majirani kwa bei nzuri. Wengine wanaweza kupata franga ya fotokopi namna hii. Kazi ya mikono haimpunguzi mwanafunzi. Ila patana bei mbele ya kuanza, na kila aliyebeba maji apate sehemu yake, hata kama ni dada yenu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

Katika nyumba yetu, ni nani anayeteka maji, na ni nani anayeyatumia sana? Maji machafu tunayamwaga wapi? Ni kitu gani tunakiita cha bure, kumbe mwingine anakilipa?

Mungu awabariki, na awape mikono safi pamoja na moyo safi. Amina.