Blanketi la tairi la nini Tarasaa?

Msomaji, huenda umewaona kwenye runinga wanamashindano wa pikipiki wakizivika tairi blanketi za umeme kabla ya mbio, zipate joto la nyuzi 80 hivi ndipo zishike barabara. Je, kijana wetu anayejaribu mbio na wenzake hapa Tarasaa azihitaji? La hasha. Zile ni tairi za mashindano. Zake za kawaida hushika bila kupashwa moto, na jua la Garsen lenyewe si mchezo. Kitakachomwangusha ni tairi kipara na mchanga. Pesa hizo anunue kofia ngumu (aivae kichwani, si kuitundika kwenye usukani!), ambayo hupunguza hatari ya kufa ajalini kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Sheria ya trafiki iliyorekebishwa 2012 yaitaka, hata kwa abiria. Nawe unayebebwa, dai yako kabla hujapanda.