Nyuklia ya Kasi: Tusiache Mbachao

Wanafunzi wa fizikia hapa Kimilili huniuliza: iwapo Kenya itajenga mtambo wa nyuklia, mbona isianze na ule wa nyutroni za kasi? Hoja yao ina uzito. Mitambo ya kawaida hutegemea hasa urani-235, ambayo ni asilimia 0.7 tu ya urani itokayo ardhini. Wa kasi huigeuza urani-238, iliyo tele, kuwa plutoniamu, ambayo nayo ni fueli.

Hata hivyo, tuwatazame waliotangulia. Aghalabu mtambo huo hupozwa kwa sodiamu iliyoyeyuka, nayo huwaka ikikutana na hewa. Huko Monju, Japani, ilivuja mwaka wa 1995. Mwaka wa 2016 serikali ikaamua kuufunga mtambo wenyewe. Ufaransa iliamua kuuacha Superphénix mwaka wa 1997. Urusi ilivumilia: BN-600 wa Beloyarsk ulianza kutoa umeme mwaka wa 1980.

Nionavyo, tusiache mbachao kwa msala upitao. Mvuke wa Olkaria tunao. Mwaka wa 2024 wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kuupinga mtambo wa kawaida. Huu wa kasi tutawaelezaje? Serikali isomeshe kwanza wahandisi na wakaguzi. Nanyi walimu, fundisheni atomu kwa dhati, ili siku ya uamuzi iwakute Wakenya wawezao kuupima wenyewe.