Rangi ikizidi kukolea, sura hupotea

Shangazi yangu alipofariki mwaka wa 2022, picha iliyowekwa juu ya jeneza iliwafanya wajukuu wake wawili wabishane kama kweli ni yeye. Maishani alikuwa mweusi, weusi wa buni iliyokaangwa. Aliyetutazama kutoka kwenye fremu alikuwa mwanamke wa rangi ya chungwa. Mpiga picha, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameongeza rangi kwenye kompyuta ili picha ichangamke.

Kiswahili kina neno mwafaka kwa jambo hili: kukolea. Mchuzi hukolea chumvi, chai hukolea tangawizi, na rangi nayo hukolea. Aghalabu watu huchanganya ukolevu na mwangaza, ilhali ni mambo mawili. Anga la asubuhi lina mwangaza tele lakini samawati yake ni hafifu. Zambarau iliyoiva ina giza na bado imekolea. Ukolevu ni kiasi ambacho rangi imejitenga na kijivu. Ukiupunguza hadi sifuri, picha hubaki nyeusi na nyeupe.

Kuuzidisha kuna gharama, na gharama yenyewe ni ya hesabu. Katika picha ya kawaida ya dijitali, kila nukta hujengwa kwa nyekundu, kijani na buluu, kila moja ikipimwa kuanzia 0 hadi 255. Ongeza ukolevu wa waridi jekundu, na kipimo cha nyekundu kitafika 255 kigote hapo. Mikunjo na vivuli vya petali hugeuka doa moja bapa. Ngozi ya binadamu nayo, iwe nyeusi au nyeupe, asili ya rangi yake i kati ya nyekundu na manjano. Ndiyo maana shangazi aligeuka chungwa.

Vifaa havijatutendea haki tangu zamani. Enzi za filamu, maabara nyingi zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi yenye watu wa rangi mbalimbali ilikuja katika miaka ya 1990. Wakati huo tulipunjwa na kiwanda. Siku hizi twajipunja wenyewe kwa kidole.

Lugha yetu, kwa bahati njema, huzitaja rangi nyingi kwa vitu: manjano ni kiungo cha jikoni, kahawia ni kahawa, kijivu ni jivu. Rangi hupimwa kwa kitu kilichopo. Nawaomba wenye studio wafanye vivyo hivyo. Programu kama Lightroom ya Adobe ina kipimo cha pili, vaibransi, ambacho huongeza zaidi rangi zilizofifia na kuihurumia ngozi. Yawezekana pia kugusa rangi moja moja, kijani cha mahindi kikapanda bila uso kuguswa. Zaidi ya hayo, kabla ya kuchapisha, mwonyesheni picha mtu anayemjua mwenye sura. Skrini haimjui.

Faili asilia ya shangazi ilikuwapo bado. Tuliichapisha upya bila kuongeza chochote, na ndiyo inayoning'inia sebuleni kwa binamu yangu.