Mtihani wa Kifaransa hauulizi ulikaa darasa gani

Mtu mzima akisema tu kwamba anataka kusoma Kifaransa, jibu analopewa ni lile lile: umeshachelewa, na kama huna budi, kaingie darasani, maana peke yako hutafika popote. Wasemaji huongeza methali ya samaki mkunje angali mbichi, wakaona mjadala umekwisha. Mimi nasema kauli hii si kweli, na madhara yake tunayaona. Kuna waongoza watalii Arusha wanaowaachia wenzao wageni wote wa Ufaransa na Ubelgiji. Kuna makarani wa mizigo Dar es Salaam wanaohudumia shehena za Lubumbashi mwaka hadi mwaka bila kuweza kuandika barua moja kwa Kifaransa. Akili wanazo, ila wameaminishwa kwamba mlango ulifungwa siku waliyomaliza shule.

Tuanze na umri. Mwaka 1978 watafiti Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wazungumzaji wa Kiingereza waliokuwa wakijifunza Kiholanzi nchini Uholanzi. Katika miezi ya mwanzo vijana wa miaka 12 hadi 15 na watu wazima ndio waliotangulia, na watoto wa miaka 3 hadi 5 wakawa nyuma ya wote. Mtoto ana faida yake, hasa ya lafudhi akikaa miaka mingi ndani ya lugha. Lakini mtihani hautafuti lafudhi ya mzaliwa wa Paris.

Na mtihani wenyewe wengi wanaouogopa hawajawahi kuuona. DELF ni diploma ya serikali ya Ufaransa, ilianzishwa mwaka 1985, na inasimamiwa na France Éducation international, taasisi iliyo chini ya wizara ya elimu ya nchi hiyo. Ina ngazi nne, A1 hadi B2. Juu yake ipo DALF, yaani C1 na C2. Hudaiwi cheti cha kozi yoyote, wala hulazimiki kupanda ngazi moja moja: anayejiona anaiweza B1 anajisajili B1. Sehemu ni nne, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila moja kwa alama 25. Ukipata 50 kati ya 100 umefaulu, mradi hakuna sehemu uliyopata chini ya 5. Na ukishaipata, diploma hiyo haina mwisho wa muda.

Itazame B2 kwa karibu. Kwenye kuandika unapewa saa moja na unatakiwa utoe angalau maneno 250 ya kutetea msimamo. Mathalani wakazi wa mtaa wanaiandikia halmashauri kupinga kufungwa kwa maktaba yao. Kwenye kuzungumza unajiandaa kwa dakika 30, kisha unaeleza hoja yako mbele ya watahini, nao wanaibana na wewe unaitetea. Kazi hiyo mtu mzima anaijua. Amesimama kwenye kikao cha kikoba akaeleza kwa nini riba ishuke, ameandika barua ya malalamiko kwa mwenye nyumba, amebishana na mkuu wake wa kazi kwa adabu na akashinda. Hoja anayo tayari. Anachotafuta ni maneno ya kuifunga: d'abord, cependant, par conséquent. Na sarufi isimtishe. Anayepatanisha kiti kile, mti ule na maji yale bila kusita ataziweza jinsia mbili za Kifaransa.

Watetezi wa darasa wana hoja moja ya kweli, nayo sitaikwepa. Anayesoma peke yake huelekea kusoma kwa macho tu, na Kifaransa cha macho si cha masikio. Ils ont ni wana. Ils sont ni wao ni. Kwa sauti, tofauti yake ni z moja na s moja, na anayekosea hapo anakosa maana ya sentensi nzima. Ile kanuni ya alama 5 ipo kwa ajili ya mtu kama huyo: anaweza kung'ara kwenye kusoma na akaangushwa na kusikiliza.

Ila dawa yake haiko darasani peke yake. Redio ya RFI ina taarifa ya habari kwa Kifaransa rahisi, Journal en français facile, ya dakika kumi, na maandishi yake hutolewa. Isikilize kwanza bila maandishi, kisha nayo, piga mstari kila mahali sikio lilipokudanganya, halafu isikilize tena. Fanya hivyo kila siku, usiruke. Kuandika, tafuta mwalimu umlipe akusahihishie insha kadhaa. Hilo ni tofauti na kulipia muhula mzima wa kukaa na kusikiliza wenzako wakihesabu hadi ishirini.

Kuzungumza ndiko watu wanakokata tamaa, na ndiko sisi tulikobarikiwa. Goma, Bukavu, Lubumbashi na Bujumbura zimejaa watu wanaoongea Kiswahili na waliosoma shule kwa Kifaransa, na wengi wao tunao hapa: madukani Kariakoo, makanisani, kwenye bendi, kwenye nyumba za kupanga. Nenda kwa heshima useme, "Dada, naomba tuongee Kifaransa nusu saa, nami nitakusaidia Kiingereza." Ukikwama, mnafafanuliana kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa Tokyo au São Paulo hana jirani wa namna hiyo.

Kwa hiyo waajiri, acheni kumuuliza mwombaji alisomea wapi. Tazameni ngazi yake na alama zake. Na wewe unayeahirisha tangu mwaka jana, mfano wa karatasi za mtihani uko bure kwenye tovuti ya France Éducation international. Pakua ya B1 jioni ya leo, weka saa mezani, ifanye yote bila kamusi, kisha ujisahihishe bila huruma. Utakapofikisha 50, na hakuna sehemu iliyo chini ya 5, kajisajili.